Kisima Kilichoupa Mto Mgongo

Mzee aliyekuja kwangu mwezi uliopita hakupiga hodi. Aliingia uani na fimbo yake, akampita mjukuu wangu Sifa aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akanipita mimi mwenyewe, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza iliyo chini ya paa la jikoni. Akaweka kiganja juu yake, akaibonyeza. Meza ikainama upande wa ukuta, kama inavyoinama siku zote. Mzee akacheka peke yake. Ndipo akageuka na kuniuliza, kana kwamba tuliachana jana, "Vero, na kisima iko?" Nikajua ni Anakleti. Uso nisingeutambua, maana uzee umeula kama ulivyoula wangu, lakini mtu anayesalimia meza kwanza na mwenye nyumba baadaye, katika maisha yangu, ni mmoja tu. Nikamjibu, "Iko. Na wewe, mupaka leo haujajua kusalimia batu?" Tukashikana mabega pale, vikongwe wawili, tukicheka mpaka akaangusha fimbo, na Sifa akasimama na mchi mkononi akitutazama kama wendawazimu.

Sifa anasoma mwaka wa kwanza wa mambo ya mawe, hapa hapa chuo kikuu cha Kisangani. Ana kitabu kinene chenye picha za mawe yaliyolala, yaliyoinama, yaliyokunjwa, yaliyokatika, na wiki nzima kitabu hicho kilikuwa kimemliza. Mtihani unakaribia na haoni, anasema, tofauti ya mstari huu na mstari ule. Nilimwambia aweke kitabu chini achukue kijiko na mafuta, akadhani namdhihaki. Mimi nilisoma kwa masista mpaka nilipojua kuandika jina langu na kusoma Habari Njema, kisha nikatoka. Nyumba hii ya matofali nimeijenga kwa sufuria, si kwa diploma, na sioni haya kuyasema mbele ya yeyote. Lakini somo hilo linalomliza mjukuu wangu nililisoma lote jikoni kwangu, mwaka mmoja tu wa ujana wangu, na mwalimu wangu ndiye huyu mzee anayebonyeza meza. Habari za kuzaliwa kwangu na za wazazi wangu hazina kazi hapa. Nitaandika habari za mwaka ule.

Mji huu wa Kisangani ulikuwa bado unaitwa Stanleyville, na mimi nilikuwa na malewa yangu kwenye njia ya Simi-Simi. Malewa ni mahali wanapokula watu wanaotoka kazini na njaa ya kweli: huchagui, unakula kilichopo, na kilichopo kwangu kilikuwa kizuri. Kuta zilikuwa za udongo, paa la majani, na nyuma kulikuwa na kibanda cha jiko, na nyuma ya jiko bonde dogo lenye majani marefu ambalo hakuna mtu alilijali. Mbele, hatua chache tu, ardhi ilikatika ghafla, ukingo wa mawe ukashuka wima hadi mtoni. Asubuhi ukungu wa mto ulipanda ukaingia ndani kama mteja, ukakaa kwenye mabenchi. Wachimba mawe wa machimbo ya barabarani walikuja na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Niliwapa lituma, ndizi zilizopondwa na kufinyangwa kwa mawese, na samaki wa mchuzi, na sombe, na kwanga, mkate wa muhogo uliofungwa majani. Jumamosi liboke ya samaki ndani ya majani. Meza zilikuwa mbili. Moja alinitengenezea seremala. Nyingine ilikuwa ubao mmoja mzito niliouokota machimboni, nikaupigilia miguu mwenyewe, na mguu mmoja ukatoka mfupi. Wachimba mawe waliweka kokoto chini ya mguu huo, na kila jioni wakati wa kufagia kokoto ilipotea. Aliyechelewa kufika ndiye aliyekalia meza hiyo, na mchuzi wake alikula nusu; nusu ililiwa na shati.

Tatizo langu lilikuwa maji. Nilizaliwa kwenye maporomoko, mtoto wa Wagenia, watu wanaosimika miti mikubwa kwenye matundu ya mawe katikati ya maji yanayonguruma na kuning'iniza humo mitego ya samaki. Kwetu maji si kitu unachokitafuta, ni kitu unachokikimbia. Hapa njia ya Simi-Simi niliyapandisha kwa beseni kichwani, ukingo ule mkali, asubuhi na mchana, na mara nyingi watu walikaa kwenye benchi wanapiga vijiko wakiimba jina langu. Ningeweza kuendelea hivyo miaka yote, shingo ilikuwa ya chuma. Lakini siku moja akaja bwana wa usafi wa serikali, tuliyemwita sanitaire, kijana mweusi mwenye soksi ndefu nyeupe, akafunua pipa langu la maji ya kunywa. Akachungulia muda mrefu.

"Mama, hii nini?"

"Samaki."

"Ndani ya mayi ya kunywa?"

"Ni mudogo," nikasema.

Benchi zima likaanguka kwa kicheko, na hicho ndicho kilichoniponza, maana sanitaire hakuwa mtu wa kuchekwa. Akasema magonjwa ya tumbo machimboni yanatoka kwangu. Akasema: kisima changu mwenyewe, chenye mfuniko, kabla mvua kubwa hazijaanza, la sivyo anakuja na kufuli. Akafunga pipa kwa vidole viwili, akaenda.

Habari ilifika maporomoko kabla ya ukungu kuondoka. Tonton Rafaeli, ndugu wa mama yangu, alishuka na mtumbwi wake siku ile ile, na sura ya mtu aliyesikia habari njema anajitahidi kuifanya mbaya. Tonton hakupenda malewa. Aliona ni aibu binti wa Wagenia kupikia wanaume wa kila kabila wakati samaki wa nyumbani wanahitaji mikono ya kuwakausha. "Bon," akasema, akikaa bila kualikwa, "Mungu amesema. Mayi ya muto ikipanda, vitego vinajaa, unarudi. Na kuna bwana moja, muke yake alikufa, iko na mutumbwi murefu. Anauliza habari yako." Nikamwambia huyo bwana na aulize habari za mtumbwi wake. Tonton akacheka, alikuwa mkali lakini kicheko hakikumwishia. Na nitasema haki yake: alikubali nijaribu. Alisema, "Chimba. Mi mwenyewe nitakuonyesha fasi. Kama mayi inatoka, ninafunga kinywa. Kama haitoke, unafunga malewa."

Hapo ndipo tulipokosea, sisi wawili, kosa ambalo mtu wa porini asingelifanya. Kwetu, unapotafuta tundu la kusimika mti wa mtego, unagonga jiwe kwa mpini wa kasia na kusikiliza. Jiwe lenye tundu linajibu. Na tundu hilo, kila ukilipata, limejaa maji, kwa sababu mto unalijaza usiku na mchana. Basi watu wa maporomoko tumekua tukiamini kwamba maji yanakaa ndani ya jiwe, na kwamba jiwe lililo karibu na mto zaidi ndilo lenye maji zaidi. Tonton akatembea na kasia lake akigonga ardhi mpaka ukingoni kabisa. Akalala kifudifudi, sikio juu ya mwamba, wachimba mawe wote wamenyamaza na kwanga mkononi.

"Hapa," akanong'ona. "Namusikia."

"Unamusikia nani, tonton?"

"Muto."

Na kweli alikuwa anausikia. Ulikuwa chini yake, angeweza kuutemea mate.

Tukachimba pale. Mchimbaji alikuwa Bolamba, mtu wa Yanonge, mfupi, mpana, mwenye mdomo usiopumzika, ambaye alikubali kuchimba kwa chakula kwa sababu, alisema, mama yake mwenyewe hakumpikia vile. Kwanza akapita jiwe la njano, jiwe la mchanga, linalovunjika kama mkate mkavu. Lilikuwa jembamba. Chini yake akafika kwenye jiwe jekundu, zito, laini usoni kama sahani, na hapo sururu ikaanza kuruka na kurudi. Akapigana nalo siku baada ya siku. Vumbi. Hata jasho halikuonekana kwenye jiwe lile, isipokuwa lake yeye. Mpini ukavunjika, Bolamba akatoka, akakaa ukingoni miguu ikining'inia ndani. "Vero," akasema, "hapa umenichimbisha kaburi ya jiwe." Wachimba mawe wakaliita shimo lile Bureau ya Vero, yaani ofisi yangu. Kuku wangu mmoja akaanguka humo, akapapenda, akawa anataga humo kila asubuhi. Basi shimo likatoa mayai. Maji, hapana.

Wakati ule ule wakaja wanafunzi wa mawe. Walitoka chuo kikuu cha Léopoldville pamoja na profesa wao, Mbelgiji mrefu mwenye magoti mekundu, wakawa wanatembea kandokando ya mto na nyundo, wakipiga mawe, wakilamba mawe, wakiyapa mgongo na kuandika. Watoto waliwafuata wakidhani wanatafuta almasi. Wote walikuwa wazungu isipokuwa mmoja, kijana wa familia ya Isangi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Wenzake walilala hoteli mjini. Hoteli haikuwa na meza ya mtu mweusi. Mimi nilikuwa na meza moja iliyobaki wazi, ile mbovu. Hayo nayasema nikipita, maana sikuketi kuandika huzuni. Kijana alifika amechelewa, akakalia meza ya mguu mfupi, nikamwekea lituma na samaki, na mchuzi ukaondoka kwenye sahani ukamwendea kifuani. Bolamba akajipiga paja kwa furaha. "Karibu kwetu, Musye Jiwe!"

Nilikuja na kokoto. Kijana akainua mkono. "Mama, usiguse. Muache hivyo." Akainama akatazama chini ya meza, akainuka na uso uliofunguka, akaomba mafuta ya mawese kidogo kwenye kijiko. Akayadondosha katikati ya ubao. Tukaona tone jekundu likianza safari.

"Inakimbia wapi?"

"Kwa ukuta," nikasema.

"Hapa je?" Akadondosha jingine. "Na hapa?"

"Yote kwa ukuta. Na meza yangu unaichafua."

Ndipo akanipa somo la kwanza, na nitaliandika kwa Kiswahili changu. Jiwe, alisema, lililala kwanza kama tope chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, sawasawa kama shuka kitandani. Kisha dunia ikajigeuza, na shuka zikainama. Kila tabaka lililoinama ni meza kama hii. Ukijua mambo mawili umeijua meza yote. La kwanza ni mstari ule ambao ukiuchora juu ya ubao, mwisho wake mmoja hauko juu wala chini ya mwingine. Mafuta ukiyaweka juu yake hayajui kwenda kushoto wala kulia. Huo wanauita kwa Kifaransa direction. La pili ni upande mafuta yanakokimbilia, na kwa ukali gani. Hiyo wanaiita pendage. Na hayo mawili yanakatana kila mara kama miti ya msalaba. Akachora mistari yote miwili kwa kidole chenye mafuta. Nikaitazama meza yangu, niliyoitukana mwaka mzima, na mara ya kwanza nikaona kwamba haikuwa mbovu. Ilikuwa imeinama, na kuinama kwake kulikuwa na jina.

Jina la kijana lilikuwa Anakleti, na shida yake niliijua siku ya tatu. Mwisho wa safari profesa angemsimamisha kila mwanafunzi mbele ya wenzake, juu ya mwamba wowote, na kumuuliza. Anakleti alijua kila kitu akiwa na sahani mbele yake. Akiwa na profesa mbele yake ulimi ulikuwa kwanga iliyokauka. Tukapatana. Yeye atanisomea jikoni, mimi nitakuwa profesa. Nilishika mwiko, nikakunja uso, nikapandisha sketi kidogo magoti yaonekane. "Alors! Mukunjo ni nini?" Naye akachukua godoro langu la majani lililoanikwa uani, akalisukuma pande zote mbili mpaka likapanda katikati. Hapo palipopanda ni mgongo; hapo palipozama kando yake ni tumbo. Nilimpikia lituma ya tabaka, ndizi, sombe, ndizi, sombe, nikaikunja ndani ya jani, tukaikata kwa kisu ikiwa na mgongo juu. "Angalia katikati," akasema, "tabaka la chini kabisa, la zamani kabisa, njo linatokea katikati ya mugongo." Na kweli lilikuwa pale, linatoa moshi. Siku nyingine akakata kwanga kwa mshazari, akateremsha nusu moja chini kidogo kuliko nyingine, kunionyesha jinsi mwamba unavyokatika na kuhama, tabaka lisikutane tena na mwenzake. Tukageuka kutafuta chumvi. Tulipogeuka tena, upande mmoja haupo.

"Nani amekula ile upande iliyoshuka?" Anakleti akapiga kelele.

"Iliendelea kushuka," akasema Bolamba, akifuta mdomo.

Sijui kama kuna darasa liliwahi kucheka kama lile. Wachimba mawe walianza kuleta maswali yao: kwa nini huku jiwe linatoka kwa bamba na kule kwa matofali, kwa nini ufa huu unakwenda sambamba na ule. Mtu aliyechimba jiwe kwa miaka alitoka kwangu akilitazama kama mtu anayemwona jirani yake kwa mara ya kwanza. Na mimi siku moja, nikisugua sufuria, nikauliza lile nililolificha kwa sababu ya kuogopa jibu. "Na shimo yangu je?"

Anakleti akashuka ukingoni na dira yake, ile yenye kichupa cha maji na kitone cha hewa ndani kinachosema kama umelala sawa. Nikamfuata nikishikilia mizizi. Akaweka dira juu ya jiwe jekundu pale linapojitokeza, akahamia mbele, akaweka tena, akaenda mpaka mbali, kila mahali akirudia. Akapanda, akaketi kwenye mdomo wa Bureau ya Vero, kuku akimlalamikia kutoka chini.

"Mama, hii jiwe ya njano inakunywa mayi kama mukate inakunywa supu. Hii nyekundu haikunywe. Donc nyekundu njo meza, njano njo mukate juu yake. Mvua inanyesha, mukate inakunywa, mayi inashuka mpaka kwa meza. Kiisha?"

"Inakimbia," nikasema.

"Wapi?"

Nikatazama ukingo. Misimu yote niliyopanda na beseni pale, hata asubuhi ya mvua, mwamba ule haukuwahi kutokwa na tone. Haukuwa na ukoka wala chemchemi. Kama meza ingeinamia mto, ukingo ungelia kama ukuta wa bafu. Nikageuka polepole. Malewa, kibanda cha jiko, bonde la majani marefu.

"Kwa ukuta," nikasema.

"Nyuma ya jiko," akasema Anakleti. "Inainama kidogo tu, lakini inainama. Mayi yako imekupa mugongo, mama."

Usiku wake hakulala, aliniambia baadaye, kwa woga. Asubuhi akaja amekwisha kumuuliza profesa, na profesa akamwambia kitu cha kweli: jiwe linaweza kukunjwa mahali usipoliona, au kukatika, na pembe uliyopima inakuonyesha pa kutafuta, haikuahidi utakachopata. Anakleti akanishika mikono. "Usichimbe juu ya neno yangu." Nikamwambia, "Sichimbi juu ya neno yako. Nachimba juu ya meza yangu. Hiyo naijua." Nikamwita Bolamba.

Tonton Rafaeli aliposikia, alipiga kelele iliyovuka mto. "Mugenia! Anachimba mayi na mugongo kwa muto! Batu ya Yanonge watatuimba!"

"Tumeisha kuanza, tonton," akasema Bolamba kutoka bondeni, na kweli alikuwa anaimba.

Watu wakaja kutazama. Walikuja kucheka, lakini kicheko kina njaa. Sijawahi kuuza lituma kama siku zile. Shimo likashuka kwenye jiwe la njano, na jiwe la njano halikuisha. Lilikuwa nene huku, kama Anakleti alivyosema litakuwa, kwa sababu meza yake ilikuwa imekwenda chini. Lakini lilikuwa kavu, na mawingu upande wa juu wa mto yalikuwa yanajikusanya, na kila asubuhi niliangalia barabara kwa ajili ya soksi nyeupe. Tonton akaja na mtumbwi mtupu. Hakusema neno kali. Aliingia jikoni, akachukua sufuria kubwa, akaishusha mtoni. Akarudi akachukua nyingine. Nilimwacha. Mtu akishindwa na sharti alilolikubali, hapigi kelele. Nilibaki na sufuria moja motoni na mwiko mkononi.

Mchana ule ule profesa akaja na darasa lake lote. Alikuwa amechagua mwamba wa kumsimamisha Anakleti, na mwamba wenyewe ulikuwa shimo langu. Wazungu wakazunguka upande mmoja, wachimba mawe upande mwingine, tonton katikati na sufuria kichwani. Profesa akauliza. Anakleti akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Nikainua mwiko. Nikapandisha sketi magotini. Akaniona, pembe ya mdomo ikamcheza, na Kifaransa kikaanza kutoka, kikatoka kama mto: mstari, mwinamo, jembamba ukingoni, nene huku, jekundu liko chini zaidi kuliko kwenye shimo la kwanza. Profesa akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kifupi, na Anakleti akajibu kifupi. Nilimuuliza baadaye walisema nini. Profesa alisema, "Una hakika kuna maji?" Naye akajibu, "Hapana, Profesa. Lakini ningekuwa mimi, ningechimba hapa." Mzungu akatikisa kichwa kukubali, na kabla hajasema lolote, sauti ya Bolamba ikatoka ardhini, imekasirika.

"Nani anamwanga mayi juu yangu huko?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na maji; hata sufuria ya tonton ilikuwa tupu.

"Hakuna mutu anamwanga!" nikapaza sauti.

Tukasikia sururu mara moja, laini, kama inaingia kwenye uji.

"Vero." Sauti sasa ilikuwa ndogo. "Alors ni nani?"

Sikumbuki nilivyofika ukingoni mwa shimo. Nakumbuka mchanga aliotupandishia kwenye ndoo, mweusi, mzito kama mkate uliolowekwa, na jinsi nilivyoukamua kwa mikono yangu yote miwili ukalia. Nakumbuka Bolamba akipiga kelele apewe kamba, kwamba miguu imezama, kwamba watu wa Yanonge wanajua kuogelea lakini si ndani ya chupa. Wachimba mawe na wanafunzi wakavuta kamba moja pamoja. Anakleti alikuwa amekaa chini kwenye majani, miwani mkononi, akicheka bila sauti na machozi yakimtoka.

Tuliyaacha maji yatulie mpaka tope likashuka. Kikombe cha kwanza nilimpa tonton Rafaeli. Alitua sufuria. Akanywa akiwa amefumba macho, akayazungusha mdomoni, wote tukimngoja kama tunangoja hukumu. Akafumbua macho.

"Haina samaki," akasema.

"Haina, tonton."

Akafikiri. Akanyoosha kikombe. "Ongeza."

Akanywa cha pili chote. Kisha, bila kuniangalia, akainua ile sufuria, akairudisha jikoni, akashuka mtoni, akapanda na nyingine, akashuka tena, mzee wa watu, mpaka mtumbwi ukawa mtupu. Aliporudi safari ya mwisho alikaa kwenye meza ya mguu mfupi akaomba chakula. Sanitaire alikuja na mvua ya kwanza, akafunua kisima changu, akachungulia muda mrefu kama zamani, akafunga. Naye alikula.

Anakleti aliondoka na wenzake, akawa mtu mkubwa wa mawe huko Katanga, na mimi nikawa nilivyokuwa. Maseremala watatu wamewahi kujitolea kunitengenezea ile meza, nikawafukuza. Malewa imekuwa ya ukuta wa matofali, mabenchi yamekuwa viti. Maji ya bomba yalifika, yakakatika, yakafika, yakakatika, kisima hakijakatika.

Haya yote tulimsimulia Sifa mchana ule, tukinyang'anyana maneno. Alichukua kijiko, akadondosha mawese katikati ya meza, akafuata tone kwa macho. Akachora mstari mmoja kwa kidole, akasita, akachora wa pili ukaukata. Akafungua kitabu chake, akatazama picha, akatazama meza, akakifunga. Kisha, bila kutumwa, akachukua kikombe, akaenda nyuma ya jiko akamchotea mgeni maji.

Anakleti akanywa akiwa amefumba macho.

"Haina samaki," akasema.

Nikamwambia Sifa amwongezee.